Kinyonga Wako Akifumba Macho Mchana, Usikimbilie Dawa

Juzi usiku niliandikiwa na dada mmoja wa Lamu. "Kaka, kinyonga wangu hali tena. Mchana kutwa amefumba macho na rangi imekuwa nyeusi. Nimemweka chumbani ndani ya sanduku la kioo, nimempa bakuli la maji hata hanywi. Nimpe dawa gani?"

Nilimjibu usiku uleule, maana kiumbe anaumia. Lakini maswali ya namna hii yananijia kila mara, na najua wengi mnaosoma hapa mna ndoto kama yangu: siku moja uwe na bustani yako ya wanyama watambaao, yenye leseni na jina zuri, watoto wa shule waje wajifunze badala ya kuokota mawe wakimwona kinyonga. Kama ndoto yako ni hiyo, soma mpaka mwisho.

Dada, weka dawa kando. Anza kwa kumtoa kwenye kioo.

Kinyonga ni mnyama wa mtini. Anataka hewa inayopita, majani ya kujificha, na jua ambalo halikupitia kioo. Kioo kinazuia ule mwali wa jua unaoifanya ngozi yake itengeneze vitamini D. Asipoipata, hata umlishe panzi wanono namna gani, kalsiamu haiingii mwilini, na mwili unaanza kuichota kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Miguu inapinda, taya linakuwa laini, mkono unashindwa kushika kijiti, ulimi haurushiki. Hapo watu husema "hataki kula", kumbe anataka sana ila hawezi. Tena ndani ya kioo anajiona mwenyewe na kudhani ni kinyonga mwenzake amekuja kumnyang'anya mahali, basi anakaa na hofu kutwa nzima, na hofu humtia weusi.

Bakuli nalo kwake si kitu. Yeye hunywa matone, umande na mvua iliyokaa juu ya majani. Anaweza kukaa ubavuni mwa bakuli lililojaa akakauka kwa kiu. Mtazame macho: yakidumbukia ndani, hana maji. Mtazame na choo chake: ile sehemu iliyo kama chokaa ikiwa nyeupe, yuko salama, ikiwa ya manjano au ya rangi ya chungwa, ana kiu ya muda mrefu.

Nyumba zenu za Lamu zina kuta nene na vyumba vyenye giza, ndiyo raha yake wakati wa joto, lakini kinyonga hapati kitu humo. Mpeleke uani au juu darini kwenye jua la saa mbili mpaka saa nne asubuhi, juu ya mti wa chunguni, mkomamanga hata asumini, na upande mmoja uwe na kivuli ili achague mwenyewe. Kaa naye, kwa sababu paka wa Lamu kila mtu anawajua, na kunguru ni wabaya kuliko paka. Nyunyizia majani maji taratibu, kama manyunyu, na usichoke upesi. Wengi hunyunyiza mara tatu wakaondoka, hali kinyonga mwenye kiu huchukua muda kabla hajaanza kulamba. Chupa uliyoitoboa tundu dogo chini, ikidondosha tone tone juu ya jani, inafanya kazi vizuri zaidi. Na usimfungue mdomo kwa nguvu ukammiminia maji: tundu lake la pumzi liko mbele hapo hapo mdomoni, utayapeleka mapafuni, na kama taya limeshalainika utalivunja.

Sasa niwaeleze kwa nini nasema haya kwa uhakika.

Mimi natunza watambaazi katika bustani moja ya wageni hapa Malindi, inayofuga kwa leseni. Kati ya wote niliowatunza, aliyenifundisha zaidi ni jike mmoja niliyemwita Mashauo. Ni aina ya kinyonga tunayemwona sana pwani hii, mwenye vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio. Wataalamu humwita Chamaeleo dilepis. Watoto wa mtaa wa Muyeye walimleta akiwa mdogo ndani ya kopo la siagi, baada ya mzee mmoja kuwazuia wasimpige mawe. Alikulia mikononi mwangu, peke yake, bila dume. Kijani chake kilikuwa cha kung'aa mpaka wageni walidhani ni jani la plastiki.

Msimu mmoja wa kaskazi, joto limeshika, Mashauo akaacha kula. Panzi anapita mbele yake, anamtazama kwa jicho moja, anamwacha. Rangi ikawa na madoa. Na kubwa zaidi, alianza kushuka chini. Kinyonga wa mtini hashuki chini ovyo. Huyu alikuwa anazunguka sakafu ya kizimba, anakwaruza pembe hii, anahamia pembe ile, anapanda, anashuka tena.

Kila mtu akawa daktari. Mlinzi akasema ana minyoo. Mpishi akasema kiumbe huyo ni nuhusi, aondolewe kabla hajaleta balaa. Mama yangu, Mungu amhifadhi, alinipigia simu kuniomba nisimshike, kwa kuwa tangu utotoni aliambiwa kwamba kinyonga ana sumu. Hana sumu yoyote. Akikuuma utahisi kufinywa, basi.

Lililonichoma ni la dukani. Niliingia katika duka moja la dawa za mifugo kuuliza kama wana mtu anayeweza kupima choo cha mnyama kwa hadubini. Yule muuzaji alicheka mbele ya wateja. Akaniuliza kama sina kazi ya kufanya. Kisha akachukua chupa ya dawa ya sindano ya mbuzi, akaniambia nidondoshe "kidogo tu" mdomoni, na wa leo asipopona wa kesho wako vichakani tele. Kidogo kiasi gani? Mbuzi hupimwa kwa kilo na kinyonga hupimwa kwa gramu. Kidogo cha mbuzi ni kaburi la kinyonga. Niliiacha chupa juu ya meza nikatoka, na kicheko chao nikakisikia mpaka barabarani.

Nilirudi nikakaa mbele ya kizimba nikamtazama, si kwa dakika mbili, nilikaa. Na nikaona wasichokiona wao. Macho yake hayakuwa yamefumba; yalikuwa wazi, yanazunguka kila upande. Mgonjwa wa kweli hulala. Huyu alikuwa anatafuta kitu. Nikampitishia kidole chini ya tumbo pole pole, nikahisi vidonge vidogo vidogo vimepangana. Mayai.

Watu wengi hawajui kwamba kinyonga jike wa aina hii huingia mayai hata kama hajawahi kuonana na dume, kama kuku wa kisasa wa mayai. Na mayai hayo si machache. Mara nyingi huzidi ishirini, na hata hamsini hufika. Yeye hazai mtini. Lazima ashuke, achimbe shimo kwenye udongo wenye unyevu, atage ndani, afukie. Asipopata udongo wa kumridhisha atayazuia, na kuyazuia huko humuua. Mashauo alikuwa na sakafu ya saruji. Angefia pale tumbo limejaa, na watu wangesema ni minyoo.

Nikachukua pipa la plastiki lililokatwa nusu, nikalijaza mchanga uliochanganywa na udongo mweusi wa bustani, kina cha kufika kiwiko. Nikalimwagia maji mpaka ukishika konzi mchanga unashikamana bila kuchuruzika. Hilo ni muhimu: mchanga mkavu hubomoka, shimo linamfunika, anakata tamaa. Nikamweka juu yake na kijiti cha kupandia, kisha nikazungushia kizimba leso mbili za mama, kwa sababu kinyonga jike akiona anatazamwa huacha kuchimba, na akiacha mara mbili tatu anaweza asirudie tena.

Sikulala. Nilikuwa nasikia mchanga ukitupwa, unakoma, unatupwa tena. Nilipochungulia kwa tundu la leso, kichwa kimeshapotea, imebaki miguu ya nyuma na mkia. Usiku ukaenda. Alfajiri, adhana ya kwanza imeshatoka, nikamkuta juu, amejaa matope, mwembamba kama ganda, anakanyaga kanyaga pale alipofukia mpaka pakawa sawa na penginepo. Nikamweka kwenye tawi, nikamfungulia chupa ya matone. Alikunywa mpaka nikadhani hatamaliza. Siku iliyofuata alirusha ulimi akamkamata panzi, na mimi nikapiga ukelele watu wa jikoni wakatoka mbio.

Mayai yale hayakuwa na mbegu, yalisinyaa. Sikujali. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa mtini, kijani.

Dukani sikurudi kuwaambia. Lakini mpaka leo nikipita ile barabara natazama upande wa pili.

Ndiyo maana nawaambia: mtazame alivyo na pale anapokaa kabla hujagusa dawa. Je, anapata jua la kweli? Anapata matone? Kama ni jike, ana udongo wa kuchimba? Anaona paka, anajiona kiooni? Mnawasha ubani na udi chumba hichohicho? Chetezo ni kizuri kwa wageni, ila moshi ule ni adhabu kwa mapafu yake, na dawa ya kupuliza mbu ni mbaya zaidi. Panzi nao usiwaokote shamba lililopigwa dawa.

Kalsiamu tunayo bure, tunaikanyaga tu. Ukitembea ufuo wa Silversands maji yakipwa utaona ule mfupa mweupe mwepesi wa dome, yule wa jamii ya pweza na ngisi. Uchemshe, uanike mpaka ukauke kabisa, uusage uwe unga laini, kisha uwatie panzi na nyenje kwenye mfuko wenye unga kidogo utikise, ndipo umpe. Dada, Lamu unao pia. Pamoja na jua la asubuhi, hiyo inatosha vinyonga wengi kupata nguvu ya mifupa.

Yapo magonjwa ambayo jua na maji hayatoshi. Ukiona anaachama kivulini bila joto, ananyoosha kichwa juu kutafuta pumzi, na mapovu au kamasi mdomoni, hiyo ni kifua. Ukiona usaha wa manjano pembeni mwa mdomo, mdomo umeoza. Hapo mtafute daktari wa mifugo, na ukatae dawa yoyote ambayo haikupimwa kwa uzito wake. Mizani huna? Nenda kwa sonara. Mizani ya dhahabu inapima kinyonga vizuri sana, na ukiandika uzito wake kila wiki utajua anakonda kabla macho yako hayajaona. Choo kipeleke kibichi, kwenye kichupa kisafi, kiangaliwe minyoo. Waliookotwa porini wengi wanayo.

Na usione haya. Mji wenu una hospitali ya punda. Shirika la The Donkey Sanctuary lilianza kazi Lamu mwaka 1987, na leo hakuna anayemcheka mtu anayempeleka punda wake kutibiwa. Huku kwetu, pale Gede, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993, na wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wakawa wanafuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo, yaani vipepeo wakiwa bado ndani ya vifuko kabla ya kuota mabawa. Ndugu zangu, mnyama mdogo ni amana. Tumesimuliwa tangu chuo cha Kurani habari ya mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Tunaisimulia kwa machozi, tunatoka nje tunampiga kinyonga jiwe. Anayetaka kuwa na bustani ya watambaazi na hana subira ya kukaa saa nzima akidondosha maji juu ya jani, afuge njiwa.

Limebaki la sheria. Kinyonga ni mnyama wa porini. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga bila kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, ni kosa, na vinyonga hawa wamo pia kwenye orodha ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe kati ya nchi na nchi. Usimnunue, usimuuze, usimpe mgeni aondoke naye. Kama uliyenaye ulimwokota, wapigie KWS uwaeleze ukweli, kwamba ni mgonjwa na unaomba maelekezo. Ndiyo njia iliyo safi. Wakikuruhusu kumrudisha, mrudishe palepale ulipomtoa, si kwenye shamba la mjomba kwa kuwa ni karibu. Hakikisha kwanza anakula mwenyewe, anashika kijiti kwa miguu yote minne na macho yamejaa. Mtoe asubuhi jua limeshapanda, kwenye kichaka chenye majani mengi, mbali na nyumba zenye paka, umweke juu na si chini.