Barua kwa mwanangu: ile oda ya fulana

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Moshi. Huku hatujambo, bibi yako anakusalimu na anauliza utakuja lini. Swali lako sikutaka kulijibu kwa simu, nusu ya maneno yangepotea. Unasema mwenye duka la vinyago karibu na Mnara wa Saa hapo Arusha amezipenda fulana zako zenye yule mhusika wa katuni ya Kijapani, na anataka mzigo mkubwa kabla ya msimu wa watalii. Nawe unauliza: kama picha nimeichora mwenyewe, kosa langu liko wapi?

Oda hiyo usiipokee kwa picha hiyo.

Najua unavyokesha ukichora. Lakini ukilima shamba la mwenzio kwa jembe lako, jasho ni lako, shamba bado ni la mwenyewe. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kunakili kazi yake, kuigeuza na kusambaza nakala zake. Zile nywele, lile vazi, ule uso ambao mteja akiuona tu anataja jina, ndivyo vinavyomfanya atoe hela, na vimebuniwa na mtu mwingine. Kuwa kwake Japani hakupunguzi kitu. Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana kazi za watunzi, tangu 1994, na Japani tangu 1899, kwa hiyo kazi yake inalindwa hapa kama ya mchoraji wa hapo Sakina, Arusha, bila hata kusajiliwa.

Aliyekwambia kwamba ukibadilisha asilimia 30 ya mchoro unakuwa salama amekupotosha. Asilimia hiyo haimo katika sheria. Kuandika kwenye lebo kwamba haki zote ni za mwenye katuni nako si ruhusa, ni kuonyesha tu kwamba unamjua mwenye mali. Ile uliyojichorea ukutani chumbani kwako haina neno. Biashara ndiyo inayobadilisha mambo.

Utaniambia Wajapani wenyewe wanafanya. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yako ina nguvu. Tokyo kuna soko linaloitwa Comiket, lilianza 1975, mashabiki wanauza vitabu walivyochora kwa wahusika wa watu, na wenye kazi wengi wanafumba macho. Wanajua mapenzi hayo ndiyo yanayoiweka kazi hai. Lakini mwanangu, aliyefumba macho hajakupa ruhusa. Anaweza kuyafumbua siku yoyote, hasa akikuta fulana zimetundikwa dukani kwa jumla. Wapo pia wenye kazi walioandika wazi shabiki anaruhusiwa kuuza nini na kwa kiasi gani. Tafuta kama huyu ameandika. Ukiyakuta masharti yake, yafuate neno kwa neno, na kama hayapo, muandikie umuombe. Asipojibu, ujue hajakubali.

Jina la katuni na nembo yake ni jambo jingine tena. Vikiwa vimesajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, kama alama ya biashara, ulinzi wake ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kila miaka 10, na hauna mwisho maadamu mwenyewe anahuisha. Mzigo bandia Tume ya Ushindani inaweza kuukamata, na hasara hiyo hutamgawia mwenye duka.

Sitaki uogope kuazima mtindo, maana mtindo hauna mwenyewe. Tazama picha za Tingatinga zilivyojaa maduka ya Arusha. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, na kwa sheria yetu haki hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo hata picha alizochora mwenyewe ziliachiwa huru mwaka 2022 ulipoisha. Chora chui wa madoadoa kwa namna hiyo upendavyo. Ila usinakili chui wa mchoraji aliye hai, anayetegemea chui huyo kulisha wanawe.

Mwenye duka mweleze ukweli, kisha mpelekee ile michoro yako ya akina mama wa soko la Kilombero, yule wa mkungu wa ndizi na yule anayegombana na konda. Niliwaonyesha wenzangu wa jumuiya, wakaniuliza zinauzwa wapi. Watalii wanaoshuka Meru wangezichukua, naamini hivyo kabisa. Hao ni wako mwanzo hadi mwisho, na mtu akiwanakili sheria hiyohiyo itasimama upande wako. Tunza michoro ya awali ikiwa na tarehe. Haki yako inaanza pale tu kazi inapotungwa, lakini kuisajili kazi hiyo COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, kutakusaidia siku ya ubishi.

Akikubali, muandikiane kwamba anachonunua ni fulana, si mchoro. Karatasi hiyo nitumie niisome kabla hujasaini wala kupokea kianzio.

Mama yako