Jinsi ninavyotumia tyuna kwa gita na besi, nyumbani na jukwaani

Wapigaji wachanga wakiniuliza wanunue tyuna gani, yaani kile kifaa ambacho kwa mshale au taa huonyesha kama uzi uko juu au chini ya noti yake, mimi huanza kwa kuwauliza wanadonoaje uzi wanapoupima. Tyuna za siku hizi, hata zile ndogo zinazobanwa kwenye kichwa cha gita, zinapima kwa usahihi kuliko masikio ya wengi wetu. Pedali nyingi za kutyunia, zile tyuna za kukanyagwa kwa mguu, hazikosei zaidi ya senti moja, na senti ni sehemu moja ya mia ya nusu sauti, hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za jirani. Lakini uzi uleule, kwenye kifaa kilekile, unaweza kukupa majibu yanayopishana kwa senti kadhaa kwa sababu tu mara ya kwanza uliudonoa kwa upole na mara ya pili ukaukwanyua kwa nguvu.

Uzi ukipigwa kwa nguvu huvutika, na uzi uliovutika hutoa sauti ya juu zaidi. Mtetemo unapopungua, sauti nayo hushuka taratibu mpaka itulie. Kwenye besi jambo hili unaliona kwa macho: mshale unaruka upande wa juu, halafu unarudi polepole. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: pima kwa nguvu ileile utakayopigia. Ukipiga besi ya kasi na mkono mzito, noti zako hazipati nafasi ya kutulia, na kinachofika masikioni mwa watu ni ule mwanzo wa noti. Ukityuni kwa kidole laini kisha ukapiga kwa nguvu, utakaa juu kidogo ya wenzako wimbo mzima. Anayepiga noti ndefu za taratibu yeye asubiri, asome mshale ukishatulia.

Donoa uzi mmoja tu, nyingine zizime kwa kiganja. Kwa gita la umeme au besi, chagua pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) iliyo karibu na shingo, punguza kitasa cha toni, na udonoe kwa nyama ya kidole gumba karibu na freti ya 12 (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo). Hapo sauti ya msingi ya uzi inatoka safi, na zile sauti nyembamba za juu zinazoichanganya tyuna zinapungua. Mshale unaoyumbayumba mara nyingi hutulia kwa mambo haya tu.

Mwisho wa kutyuni uwe ni kukaza, kamwe usiwe kulegeza. Uzi ukiwa juu, ulegeze upite chini ya noti, kisha uupandishe hadi ufike. Meno ya kigingi, kile kifundo cha kichwani kinachokaza uzi, yana uwazi kidogo kati yake, na uzi nao hujishikilia kwenye mfereji wa kidaraja cha juu, pale shingo inapokutana na kichwa. Ukimalizia kwa kulegeza, ule ulegevu unabaki umejificha, na mara ya kwanza utakapouvuta uzi kwa kidole kwenye solo, sauti inashuka. Ukisikia mlio mdogo wa kukwaruza unapozungusha kigingi, uzi unakwama kwenye mfereji. Pakaa humo unga wa risasi ya penseli. Nimeona magita mengi yaliyolaumiwa vigingi vyake yakapona kwa penseli tu.

Sasa nyumbani. Programu ya simu inatosha kabisa ukiwa kwenye chumba kimya na gita lenye sauti yake lenyewe, lile lisilohitaji umeme. Programu inategemea maikrofoni ya simu, kwa hiyo feni, televisheni na mazungumzo ya watu vyote vinaingia. Kwa besi mambo ni magumu zaidi. Uzi wa E wa besi unatetema mara 41.2 kwa sekunde, nusu ya E nene ya gita ambayo ni 82.4, na B ya besi ya nyuzi tano inashuka hadi 30.9. Maikrofoni ndogo ya simu inazisikia kwa taabu sauti za chini namna hiyo, na hata tyuna za kubana nyingi hupapasa zikifika kwenye B. Dawa yake ni kugusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, kisha kuudonoa na kuinua kidole. Unapata mlio mwembamba kama wa kengele, oktava moja juu, ambao tyuna inaukamata mara moja.

Hapo niseme neno kuhusu ile njia ya kale ya kulinganisha mlio wa kengele wa freti ya 5 kwenye uzi mmoja na wa freti ya 7 kwenye uzi unaofuata, mpaka ule mtikisiko wa sauti kati yake upotee. Inapendeza kuisikiliza, lakini kila jozi inaacha tofauti ya senti 2 na sauti zilizogawanywa sawasawa ambazo freti na tyuna zinafuata. Kwenye besi ukianzia E, ukifika kwenye G umeshaachwa karibu senti 6. Itumie ukikosa kifaa. Ukiwa na tyuna, pima kila uzi peke yake.

Ninachokipenda kwa nyumbani ni muda. Nyumbani ndipo pa kufundisha sikio. Tyuni A kwa kifaa, kizime, zilizobaki zitafute mwenyewe kwa kulinganisha freti ya 5 ya uzi mnene na ule unaofuata ukiwa mtupu (kati ya G na B ya gita ni freti ya 4), halafu washa tyuna uone ulipofika. Fanya hivyo kila siku kabla ya mazoezi. Siku betri itakapokufa katikati ya onyesho, sikio hilo ndilo litakaloibeba bendi, na hata kabla ya siku hiyo utakuwa unasikia kwamba uzi umeshuka kabla taa yoyote haijakuambia.

Nyumbani pia ndipo pa kukagua kama gita linakubali sauti shingo nzima. Ukiwa na nyuzi mpya zilizokwisha kuvutwavutwa kwa mkono na kutyuniwa upya mpaka zimeacha kushuka, linganisha ule mlio wa kengele wa freti ya 12 na noti unayoipata ukikandamiza freti hiyohiyo. Noti iliyokandamizwa ikiwa juu, uzi ni mfupi mno: sogeza kitandiko chake, kile kipande kinachoubeba uzi kwenye briji upande wa mwili wa gita, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze kuelekea shingoni. Tyuni tena kila baada ya kusogeza. Usijisumbue kufanya kazi hii kwa nyuzi zilizochakaa, kwani zimeshapoteza ulinganifu wake.

Kuna namba moja kwenye tyuna ambayo bendi nzima lazima ikubaliane: 440. Hiyo ni mitetemo kwa sekunde ya ile A ya katikati, kipimo kinachotumika karibu kila mahali. Tyuna nyingi zina kitufe cha kuibadilisha, na kitufe hicho hubonyezwa kwa bahati mbaya ndani ya begi. Gita likiwa 440 na besi 442, mnapishana kwa senti 8 hivi huku kila mmoja akiona taa ya kijani na kuapa kwamba yuko sawa. Ikiwa mnapiga na piano ya nyuzi ambayo imetoka kidogo, piano hiyo haiwezi kuwafuata. Pimeni A yake, kisha wekeni tyuna zenu zote kwenye namba hiyo.

Jukwaani ninasimama upande wa pedali bila kusita. Tyuna ya kubana inasoma mtetemo wa mbao, na jukwaa lenye ngoma na spika kubwa linatikisa mbao za kila chombo kilichopo. Unadonoa D, kioo kinakuonyesha noti ya mpigaji mwenzako. Pedali inasikia kile tu kinachopita kwenye waya wako. Faida kubwa zaidi ni kwamba inazima sauti. Korg walitoa tyuna ya mkononi yenye mshale, WT-10, mwaka 1975, na wapigaji waliishukuru, lakini kwangu hatua iliyobadilisha jukwaa ni pedali kama TU-2 ya Boss, ya 1998: unakanyaga, spika zinanyamaza, unatyuni, unakanyaga tena. Watu waliokuja kusikiliza muziki wasisikilizishwe nyuzi zinavyopandishwa. Hiyo ni heshima kwao na kwa mwimbaji anayezungumza nao wakati huo.

Iweke pedali ya tyuna mwanzo wa msururu, kabla ya pedali za kukwaruza sauti, mwangwi au koro (ile inayofanya chombo kimoja kisikike kama vingi), maana sauti iliyokwisha kupakwa vitu hivyo inaisumbua. Amplifaya nyingi za besi zina tundu la pekee la tyuna. Ukilitumia, tyuna inabaki imewaka muda wote nje ya njia ya sauti yako, ila hakikisha unajua kitufe cha kuzima sauti kiko wapi. Kabla ya onyesho la mchana nje, jaribu kuisoma tyuna yako juani, kwa sababu taa inayong'aa chumbani inaweza isionekane kabisa. Ile ya kubana usiiache nyumbani. Ikae begini kama akiba, pamoja na betri.

Joto la taa linazipanua nyuzi na sauti inashuka. Chombo kilichotoka kwenye baridi ya gari kitaendelea kuhama kwa muda mrefu, basi kifungulie mfuko mapema, kipumzike jukwaani, ndipo ukityuni. Kagua tena baada ya nyimbo mbili tatu za mwanzo. Kapo, kile kibanio cha nyuzi zote shingoni, ikibanwa, tyuni ukiwa nayo hapohapo. Gita lenye briji inayoelea, ile inayoshikiliwa na springi, linahitaji mizunguko kadhaa, kwa sababu kila uzi unaoupandisha unazishusha kidogo nyingine. Na ukiwa na usemi katika kupanga orodha ya nyimbo, ziweke pamoja zile zinazopigwa nusu sauti chini.

Itatokea kwamba tyuna imekubali nyuzi zote sita na bado kodi fulani, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, inakuchoma sikio. Kabla hujagusa kigingi, angalia mkono wa kushoto. Ukikandamiza kupita kiasi, au ukiusukuma uzi pembeni bila kujua, unaipandisha noti. Pia sauti ya tatu ya kodi ya furaha (meja) kwenye gita, yaani noti ya tatu ukihesabu ngazi kuanzia ile inayoipa kodi jina, iko senti 14 juu ya ile ambayo masikio yanaitamani, kwa sababu freti zimegawanywa ili kila ufunguo upigike. Ukiishusha B ili kodi ya G, ambamo B ni sauti ya tatu, ikae vizuri, kodi ya E itaharibika papo hapo, kwa kuwa humo B ni sauti ya tano na haitakiwi kushuka. Iache B pale tyuna ilipoiweka, legeza vidole, upige kodi tena.