Enola Gay ina mionzi mpaka leo? Na mafundi walikuwa wanafanya nini miaka yote ile?

Swali: Kaka fundi, heshima yako. Niko huku Virginia, juzi nimempeleka mwanangu makumbusho ya ndege ya Udvar-Hazy, jirani na eapoti ya Dulles, tukaiona Enola Gay, ile iliyodondosha bomu Hiroshima. Dogo kagoma kuisogelea, anasema itatuunguza na mionzi. Ni kweli? Halafu nasikia kuitengeneza walianza 1984 wakaja kuionyesha nzima 2003, ndege moja inakulaje miaka 19 wakati nyie mnafumua ndege na kuirudisha ndani ya wiki kadhaa?

Jibu: Karibu ndugu yangu, na mwambie dogo kauliza la maana ila asogee tu. Uranium, madini yaliyokuwa kwenye bomu lile, kabla haijalipuka mionzi yake mingi ni ile ya alfa, hata karatasi inaizuia, na hapo ilikuwa imefungiwa ndani ya bomu la tani 4 na zaidi. Balaa lenyewe linaanza likishalipuka. Rubani Tibbets na wenzake waliliachia saa mbili na robo asubuhi tarehe 6 Agosti 1945 wakiwa juu kama mita 9,500, likaanguka sekunde 43 hivi, yeye huku keshakata kona kali anakimbia, kishindo kinamfikia yuko kama kilomita 18 kutoka pale. Kikaitikisa ndege, basi, vumbi la mionzi halikumgusa. Mionzi waliipata watu wa chini. Na sehemu kubwa ya uranium yenyewe ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwa ndugu zetu kule Kongo, mawe yanachambuliwa kwa mikono, kwa hiyo ukitaka kuulizia mionzi anzia kwa wale wachimbaji, sio kwenye bati la ndege. Kwenye ndege za zama zile mionzi ya kuikuta ni ya geji, namba zilikuwa zinapakwa rangi ya radiamu ziwake usiku, nayo iko nyuma ya kioo.

Kilichoila Enola Gay ni mvua na ndege. Namaanisha ndege wenye manyoya. Tibbets aliipeleka Illinois mwaka 1949 kuwakabidhi Smithsonian, ile taasisi ya makumbusho ya Marekani, wao hawana jengo la kuiweka, ikahamishiwa Texas, mwisho Desemba 1953 ikaegeshwa kambi ya Andrews jirani na Washington, nje kabisa, mpaka 1960. Watu wakaivunja wakabeba vitu vyao vya kumbukumbu, mvua ikaingilia humo, ndege wakajenga viota. Kinyesi chao kwenye aluminiamu usiombe. Mimi nimewahi kufungua sakafu ya ndege chini ya choo, kwa juu rangi inang'aa safi, nikabonyeza na kidole gumba bati likaachana tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma iliyolala, katikati unga mweupe. Hiyo ni kutu inayotembea ndani ya metali yenyewe, huioni mpaka imeshakula. Sasa chukua dudu lenye mabawa ya mita 43, liache nje miaka saba, halafu 1960 na 1961 wakalifungua vipande wakaenda kuvihifadhi Suitland, Maryland.

Hapo ndipo jibu la miaka 19 lilipo. Mimi nikikuta bati limeoza nalikata, naagiza spea, napiga riveti mpya, nasaini, ndege inaruka kesho, maana kazi yangu ni abiria afike. Wale wa makumbusho wanataka bati lilelile lililokuwa Hiroshima, ukilibadilisha umebakiwa na kopi. Kwa hiyo unakwangua kutu polepole, unazuia isiendelee, kilichopo unakiacha, kilichoibiwa unatafuta cha ndege ya aina hiyo hiyo. Ilikula masaa ya kazi kama 300,000! Na watu wenyewe sio jeshi, ni mafundi wachache na wa kujitolea. Mwaka 1995 ilionyeshwa sehemu ya mbele ya bodi na vipande vingine vichache tu, na hata hapo palichimbika, maveterani na wanahistoria wakagombana maelezo ya ukutani yasomekeje mpaka mkurugenzi wa makumbusho akajiuzulu. Bati lilikuwa rahisi kuliko hayo maneno.

Enola Gay ni aina ya B-29, na B-29 zinazoruka mpaka leo ni mbili tu, FIFI na Doc, hizo zinabadilishwa vifaa kama kawaida kwa sababu lazima ziruke, na binafsi naona ni sawa, kila moja na kazi yake.

Mkirudi tena mwonyeshe dogo mgongoni mwa ndege. B-29 ya kawaida ilikuwa na vibanda vya bunduki juu na chini, hii vilitolewa vyote ikabakizwa bunduki ya mkiani, ili iwe nyepesi ikimbie. Halafu atazame propela, zinaweza kugeuza upepo mbele kusaidia breki, ambacho B-29 nyingine nyingi hazikuwa nacho.