Giant's Causeway: Anzia Juu ya Genge, Malizia Kwenye Mawe

Kila mgeni anayeniomba nimpeleke Giant's Causeway, kwenye pwani ya Ireland ya Kaskazini, mimi humwambia jambo moja kabla hatujapanda basi: usiyakimbilie mawe. Wengi wakifika huteremka moja kwa moja kwa barabara ya lami hadi kwenye zile nguzo maarufu za mawe, wakapiga picha na kurudi walikotoka, na pwani yenyewe, pamoja na magenge na vighuba vyake, wakawa hawajaiona. Hata mimi safari yangu ya kwanza ilikuwa hivyo, na niliijutia.

Mzunguko wote ni wa kilomita tatu na kitu, yaani mwendo wa saa mbili kwa mtu asiye na haraka. Ukitoka kwenye kituo cha wageni, shika njia ya juu yenye alama nyekundu, uelekee mashariki ukifuata ukingo wa genge. Sababu yangu ni upepo. Upepo wa huko mara nyingi huvuma kutoka magharibi, na kwa kuwa huko juu hakuna hata mti wa kujikingia, ni afadhali ukusukume mgongoni kuliko ukupige usoni. Vaa koti lisilopenya upepo wala mvua, hata kama asubuhi kulikuwa na jua.

Njia hiyo itakufikisha kwenye ngazi ziitwazo Shepherd's Steps, ambazo ni 162. Zishuke polepole, hasa mvua ikiwa imenyesha. Ukiwa chini, kabla ya kugeukia magharibi, litazame genge kwa makini: katikati ya matabaka meusi ya basalti, yaani mwamba wa lava iliyopoa, umepita mkanda wa udongo mwekundu. Volkano zilipotulia kwa muda mrefu, yapata miaka milioni 60 iliyopita, mwamba uliokuwa juu ulioza katika hali ya joto na mvua nyingi ukawa udongo, kisha lava nyingine ikaufunika. Mimi niliyezaliwa Tanga nilisimama pale nisiweze kuondoka, kwa sababu rangi ile ni ya udongo wa Usambara kabisa.

Huko chini pia kuna Organ, nguzo ndefu zilizopangana kama kinanda; ukishaiona, elekea magharibi uyafikie mawe. Nguzo ni kama 40,000, nyingi zikiwa na pembe sita, kwa kuwa lava ilipopoa ilisinyaa na kupasuka, kama tope la bwawa linavyopasuka wakati wa kiangazi. Inama uguse kichwa cha nguzo moja. Nyingi zina kibonde kidogo kinachotuama maji, na nilipoonja yale ya karibu na ufukwe yalikuwa ya chumvi, jambo lililonionyesha mawimbi yanafika wapi.

Hapo ndipo tahadhari inapohitajika zaidi. Sisi tuliokulia kwenye mawe ya matumbawe tumezoea mwamba unaokwaruza na kushika kiatu, lakini basalti iliyolowa huteleza kama sabuni. Siku ile ya kwanza nilivaa viatu vya soli laini, nikaanguka nikachubuka kiwiko hatua chache tu kutoka majini. Vaa viatu vyenye meno, usikanyage mawe yaliyo meusi kwa unyevu, na usiipe bahari mgongo.

Nakuomba pia usichomeke sarafu kwenye nyufa, hata ukikuta wengine wamefanya hivyo. Sarafu hushika kutu, ikavimba na kuubandua mwamba. Mwaka 2025 National Trust, wanaopatunza mahali hapa, waliwasihi wageni waiache desturi hiyo.

Kurudi juu ni kwa barabara ya lami, na aliyechoka magoti anaweza kupanda basi dogo kwa nauli ndogo. Ukiweza, nenda mwezi Juni, uanze alasiri. Jua huchwa yapata saa nne usiku, na makundi ya watalii yakishaondoka utayasikia maji yakiingia na kutoka kati ya nguzo. Ila kama hukuja na gari, uliza mapema basi la mwisho la kurudi mjini huondoka saa ngapi.