Treni isiyokuwepo haichelewi

Mmeuliza wiki hii: mgomo ukisimamisha treni, abiria arudishiwe nauli yote au sehemu tu? Yote, na hapa Uingereza hiyo tayari ni sheria. Treni yako ikifutwa nawe ukaamua kutosafiri, aliyekuuzia tiketi anakurudishia nauli kamili bila kukukata ada. Ningeweza kuishia hapo, ila swali lenu limenitonesha kidonda. Mimi ningeuliza hivi: kwa nini pesa yangu mwenyewe niiombe, tena niiombe kwa jina wanalolitaka wao?

Alhamisi, 23 Juni 2022. Wiki ile wafanyakazi wa reli waligoma siku tatu, mgomo mkubwa kuliko yote kwa miaka 30, na treni zilizotembea zilikuwa kama moja katika kila tano. Naishi Coventry, na mama yangu alikuwa anaingia London kwa ndege kutoka Unguja siku hiyohiyo. Tiketi zetu mbili za treni za kurudi Coventry, za saa moja na nusu usiku, nilizikata Mei, mgomo haujatangazwa. Treni ile ikafutwa, tukaruhusiwa kupanda yoyote iliyopo. Ndege ilitua kwa wakati. Begi la mama ndilo lililochelewa, na mimi nje nimeng'ang'ania uzio natazama saa.

Tulifika Euston, stesheni ya treni za kwetu hapo London, geti limefungwa. Mama kavaa koti langu juu ya buibui, mkononi kikapu cha ukili cha halua ambacho hataki kukiweka chini. Kijana mmoja wa kizibao cha njano akatwambia treni ya mwisho ya kwetu imeshaondoka. Nikaanza kupaza sauti. Mama akanivuta mkono.

"Wamefanya nini hawa?"

"Wamegoma, mama."

"Wanataka nini?"

"Mshahara."

Akacheka. Babu yangu alikuwa kuli wa bandarini Unguja mwaka 1948, makuli walipogoma mji ukasimama. Mama hakuwa hata amezaliwa, lakini huusimulia mgomo ule kana kwamba uji wa wagomaji aliupika yeye. "Basi waache," akasema, "na sisi tutafute gari." Kisha akafunua kikapu, akamega kipande, akampa yule kijana. Mtoto wa watu akatazama kulia, akatazama kushoto, akala. Ikamnata vidoleni, akabaki anavilamba huku anatuelekeza njia ya kwenda Victoria kwenye mabasi.

Basi pauni 46 kwa watu wawili. Tuliteremka Pool Meadow, kituo cha mabasi cha Coventry, saa saba kasoro usiku.

Kesho yake nikajaza fomu ya fidia ya kuchelewa, ile ambayo ukichelewa nusu saa unapata nusu ya nauli, ukichelewa saa nzima unapata nauli yote ya safari hiyo. Wakanijibu, kwa adabu kabisa, kwamba treni yangu haikuchelewa kwa kuwa haikuwamo kwenye ratiba ya siku ile. Siku ya mgomo hutolewa ratiba nyingine, na kuchelewa hupimwa kwa hiyo. Treni isiyokuwepo haichelewi! Niliisoma barua ile mara tatu. Kumbe fomu yangu ilikuwa nyingine, ya kurudishiwa nauli, na inapelekwa kwa waliouza tiketi kabla siku 28 hazijapita. Jirani alinifumbua macho siku ya 26. Zikarudi pauni 34. Zile 46 za basi hakuna aliyetaka kuzisikia.

Nilipoanza kuandika nilitaka niwalaumu wagomaji japo kidogo. Nimefika hapa lawama imeniishia, labda ni ile halua. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2023, kanuni yao haiipi kampuni udhuru wa kukwepa fidia eti wafanyakazi wa reli wenyewe wamegoma, na naona wamepatia, maana aliyeshindwa kuelewana na watu wake si abiria. Na pesa irudi yenyewe. Mtandao ulionikata nauli kwa sekunde mbili unaijua kadi yangu, sasa fomu ya nini?

Isipokuwa kuna jambo moja, na naomba mhariri alichape kwa herufi ndogo. Tiketi ya mama ililipiwa na kaka yangu aliyeko Muscat, alinitumia pesa nikaikata mimi. Pauni 17 zake zilirudi kwenye kadi yangu pamoja na zangu, na sijamwambia mpaka leo. Zikirudi zenyewe, hizo ni zake, sina ubishi. Lakini hizi hazikurudi zenyewe. Fomu mbili nilizijaza mimi.