Foulata kaenda wapi? Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabuni na kwenye filamu

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuhangaika na riwaya ya zamani wakati filamu yake ipo. Wawili wameshakujibu. Mmoja anasema filamu zote huharibu kitabu, mwingine anasema dawa ni muda, maana tamthilia ya BBC ya mwaka 1995 ya Pride and Prejudice ilipewa sehemu 6 na haikuharibu kitu. Huyu wa pili nimkumbushe jambo moja: lile tukio ambalo kila mtu analisimulia, Darcy, yule mwanamume mkuu wa hadithi, katoka kuogelea bwawani, shati limemganda mwilini, halimo kabisa kwenye kitabu cha Jane Austen. Muda ulikuwepo, na bado wakaongeza la kwao. Kwa hiyo tuache hesabu za dakika.

Mimi nitajibu kwa kitabu kimoja tu, kwa sababu ndicho ninachokijua nje ndani. Nyumbani kwetu kulikuwa na nakala ya Mashimo ya Mfalme Sulemani iliyokwisha poteza jalada na kurasa za mwanzo. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na usiku alikuwa akitusomea kwa mwanga wa chemli. Akifika kwa Gagool, yule bibi kizee mchawi, anajifunika blanketi kichwani, anachomoza shingo kama kobe, sauti inakuwa nyembamba kama sindano, na mdogo wangu anazama uvunguni. Kwa kuwa jina la mwandishi lilikwenda na jalada, miaka mingi niliamini kitabu kile kimeandikwa na mtu wa kwetu.

Kumbe ni cha Mwingereza, H. Rider Haggard, kimetoka London mwaka 1885. Haggard alikuwa amefanya kazi serikalini huko Natal na Transvaal, Afrika Kusini, kisha akabishana na ndugu yake kwamba anaweza kuandika kitu cha kufikia riwaya ya Stevenson, Kisiwa chenye Hazina. Sisi tuliletewa na Frederick Johnson, aliyekitafsiri mwaka 1929, huyo huyo aliyesimamia utungaji wa zile kamusi kubwa za Kiswahili zilizotoka 1939. Maana yake, hata kile tulichokuwa tunakiita "kitabu chenyewe" kilikuwa kimeshapita mkononi mwa mtu wa pili, na kwa Gagool kilipita na mkononi mwa baba.

Kwa ambao hawajakisoma, nitapita haraka. Allan Quatermain ni mwindaji wa tembo, umri miaka 55, mfupi, anachechemea kwa sababu ya simba aliyemng'ata mguu, na anakiri mwenyewe kuwa ni mwoga. Sir Henry Curtis anamkodi wakamtafute ndugu yake aliyepotea akifuata almasi za Sulemani. Yupo na Kapteni Good, mwanamaji mtanashati mwenye meno ya bandia na kioo cha jicho moja. Quatermain haendi kwa maneno matupu: anadai pauni 500 mkononi kabla ya safari, na mwanawe Harry, anayesomea udaktari London, awekewe fungu lake endapo baba hatarudi. Njiani wanaye Umbopa, mtumishi asiyejua kuinamisha kichwa. Wakifika nchi ya Wakukuana, Umbopa anavua nguo, anaonyesha alama ya nyoka kiunoni. Yeye ni Ignosi, mfalme halali, na Twala aliyekalia kiti ni mporaji. Hapo safari ya almasi inageuka vita vya kurudisha ufalme.

Filamu ya kwanza niliyoiona ni ile ya 1985, ya Richard Chamberlain na Sharon Stone, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Kiingilio shilingi 50, deki moja, televisheni moja, na kijana mmoja wa kutafsiri ambaye Kiingereza alikuwa anakikisia kwa kuangalia midomo. Filamu yenyewe ilipigwa Zimbabwe, ina Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza, vita iliyoanza karibu miaka 30 baada ya kitabu kutoka. Ilipofika pale Quatermain na yule dada wametumbukizwa kwenye chungu kikubwa kama tangi, wanapikwa pamoja na mboga, mzee mmoja fundi baiskeli alisimama mbele ya skrini. "Simamisha hapo! Huyu mwanamke katoka ukurasa gani? Na Wakukuana lini walikula watu?" Mwenye banda akamjibu, "Mzee wangu, kama unataka kurasa, maktaba ile pale." Watu tukacheka, akaketi. Leo nikikumbuka naona yule fundi alikuwa na haki, na swali lake la mwanamke lilikuwa zito kuliko alivyojua mwenyewe.

Maana si filamu hiyo peke yake. Ya 1937, ambayo Umbopa ni Paul Robeson, mwimbaji maarufu Mmarekani Mweusi (na kwa kuwa ni Robeson, basi lazima aimbe), ina binti wa Kizungu anayemtafuta baba yake. Ya 1950 ina Deborah Kerr anayemtafuta mumewe. Ya 1985 ina Sharon Stone anayemtafuta baba yake profesa. Sababu inayotolewa siku zote ni kwamba kitabu hakina mwanamke, na watu wa tiketi wanataka mapenzi. Na kweli, Quatermain anatamba mwanzoni kabisa kwamba katika habari yake yote hakuna gauni hata moja. Lakini soma maneno yanayozunguka hapo hapo: anamtoa Foulata. Halafu anamkumbuka na Gagool, ila huyo hamhesabu, kwa kuwa ana miaka 100 na zaidi na haolewi.

Foulata ni nani? Ni msichana wa Kikukuana aliyechaguliwa kwa uzuri wake auawe siku ya ngoma ya mfalme. Anaokolewa. Good akijeruhiwa vitani, ni yeye anayekaa naye usiku na mchana mpaka anapona, na Good anampenda waziwazi. Kisha mapangoni Gagool anamchoma kisu, naye Gagool anasagwa na mlango wa jiwe akijaribu kutoroka. Foulata anakufa akisema ni heri afe, kwa sababu jua haliwezi kuoana na giza. Baba alikuwa anaipita sentensi ile haraka haraka, na sikujua kwa nini mpaka nilipokuja kuisoma mwenyewe nikiwa mtu mzima. Haggard alimwumba mwanamke Mwafrika wa kupendwa, akaogopa alichokifanya, akamuua na kumtia maneno hayo mdomoni.

Sasa hapo ndipo filamu ingeweza kukishinda kitabu. Badala yake, ile ya 1950 ilimfuta Foulata moja kwa moja, na nafasi ya mapenzi akapewa mwanamke wa Kizungu. Haggard alithubutu nusu, Hollywood haikuthubutu hata robo, tena miaka 65 baadaye. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "waliongeza mwanamke kwa sababu kitabu hakikuwa naye", namwuliza alisoma nakala gani.

Hiyo ya 1950 niliitazama na baba kwenye kompyuta ya shemeji yangu, baba ameshastaafu, macho yameanza kumsumbua, kiti kimesogezwa mpaka pua inagusa kioo. Walioiongoza ni Compton Bennett na Andrew Marton, na walikuja kuipiga huku huku: Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo. Ilipata Oscar 2, ya upigaji picha na ya uhariri, na kwa mbio zile za wanyama wanaokimbia moto wa nyika, sina ubishi. Lakini Quatermain amekuwa Stewart Granger, mrefu, mtanashati, hachechemei. Baba alipomwona tu akasema, "Huyu hawezi kuwa mwoga, kwa hiyo hawezi kuwa yeye." Na kweli, utamu wote wa msimulizi wa Haggard ni kwamba anaogopa na bado anakwenda. Deborah Kerr akajikata nywele kwa mkasi porini, akaziosha, zikakauka zimejipanga mawimbi kama katoka saluni. Mama, aliyekuwa anapita na sinia la mchele, alisimama makusudi kuicheka.

Kuna sehemu moja ambayo filamu hiyo ilipotoka kitabuni, na nadhani ilifanya vizuri. Kitabuni, baada ya vita vikubwa, anayepambana na Twala ana kwa ana ni Sir Henry, na ndiye anayemkata kichwa kwa shoka. Yaani Ignosi anapewa ufalme wake na mkono wa Mzungu. Kwenye filamu ya 1950 vita havipo, lipo pambano la wawili tu, na anayelipigana ni Umbopa mwenyewe. Waliofanya hivyo huenda walikuwa wanabana bajeti, sijali, mfalme alijipigania.

Nilidhani baba atafurahia hilo. Alinyamaza mpaka mwisho, majina yalipoanza kupanda akauliza, "Na kuagana je?" Alikuwa na maana ya sura ile ambayo Ignosi anawaaga wageni wake. Anawaambia wao ni marafiki, lakini baada yao hatamruhusu Mzungu mwingine kuvuka milima: hataki wafanyabiashara na bunduki zao na pombe zao, hataki wahubiri wa kuwatia watu wake hofu ya kifo. Anaifunga nchi. Hayo yameandikwa na mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa dola ya Kiingereza, katika mwaka ule ule Mkutano wa Berlin ulipomalizika. Darasani baba alikuwa akiwataka watoto waisome sura ile kwa kupokezana, mmoja Ignosi, mmoja Quatermain. Kwake yeye kitabu kilikuwa kinaelekea pale tangu mwanzo, na almasi zilikuwa nauli tu. Filamu ikichukua almasi ikaacha kuagana, hata ingefuata kila kituo cha safari, kwake haijafika.

Basi mkuu, kwa kitabu hiki walau, anza na maandishi, hata kama ni nakala ya kuazima isiyo na jalada. Ya 1985 unaweza kuiacha usipungukiwe kitu. Ya 1937 itazame kwa ajili ya sauti ya Robeson. Ya 1950 itazame kwenye skrini kubwa ukiweza, halafu ukifika pale Watutsi wanapocheza ngoma yao wakiwa wamefanywa kuwa watu wa Umbopa, utanielewa. Haggard hajawahi kuandika kitu kama kile. Baba alinifanya nirudishe nyuma mara tatu.