Maswali ya Wasomaji: Fuvu linalovuja damu halifai getini

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam. Mimi ni mbunifu wa michoro na matangazo hapa Dar es Salaam. Kikundi cha mafundi wa filamu, wale wanaotengeneza majeraha bandia, damu, sura za wazee na mazimwi kwa mikono yao bila kutegemea kompyuta, kimenipa kazi ya kuandaa utambulisho mzima wa maonesho yao ya siku tatu: nembo, mabango, fulana na picha za mitandaoni. Nimechora fuvu linalovuja damu, pamoja na herufi zilizochanikachanika, na mafundi wenyewe wamelipenda. Mama mwenye ukumbi, hata hivyo, amekataa kulitundika getini, kwa kuwa mbele yake pana kituo cha daladala na watoto wa shule hupita hapo asubuhi na jioni. Fedha ni kidogo na zimebaki wiki sita. Je, tutafute ukumbi mwingine au nianze upya?

Msomaji, Kinondoni

JIBU

Ndugu msomaji, anza upya, na umshukuru huyo mama, kwa sababu amekuokolea fedha za uchapaji. Hoja yake ni ya watoto, nami nakubaliana nayo, lakini fuvu lako lina kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi: linatangaza filamu ya kutisha, ilhali wewe unatangaza karakana. Mpita njia akiliona atadhani kuna sinema inayooneshwa usiku, na asiyependa sinema za namna hiyo atageuza uso kabla hajasoma tarehe. Tena linawapunja mafundi wenyewe, maana katika filamu zetu tumbo la ujauzito, mvi za babu na kovu la moto huhitajika mara nyingi kuliko zimwi, na hao wote ni kazi ya mikono ileile.

Swali la kujiuliza ni hili: mgeni atakiona nini kwenye maonesho ambacho hawezi kukiona katika filamu? Atauona ukingo. Fundi anapobandika ngozi bandia juu ya mkono wa mwigizaji, ustadi wake wote uko pale ngozi ya uongo inapokutana na ya kweli, kwa kuwa kamera ikiunasa mstari huo mchezo umekwisha. Kazi yake ni kuuficha, na kazi ya bango lako ni kuufunua. Muombe fundi mmoja atengeneze jeraha la kuungua kwa tishu na lateksi, yaani utomvu wa mpira, tabaka juu ya tabaka, kisha asimame katikati ya kazi: nusu imepakwa rangi na inatisha kidogo, nusu bado ina weupe wa tishu, na pembe moja imenyanyuka kiasi cha kuonesha ngozi nzima iliyo chini yake. Piga picha mkono huo ukiwa mezani, brashi na kikopo cha rangi vikiwa kando, kwa mwanga wa dirisha unaoingia kutoka ubavuni, maana mwanga wa mbele hulainisha kila kitu na mikunjo haitaonekana. Nembo nayo itatoka humohumo: duara moja lililobanduka pembe, basi. Umbo la namna hiyo mtu anaweza kulichonga kwenye muhuri wa mpira na bado likatambulika.

Picha hiyo usiiguse kwa kompyuta zaidi ya kuikata na kurekebisha mwanga. Hili nalisisitiza, kwa sababu maonesho yanayosifu kazi ya mikono, yakitangazwa kwa jeraha lililochorwa na programu, yatakuwa yamejikana yenyewe, na mashabiki wa fani hii wana macho makali. Watagundua siku ya kwanza na watasema.

Kuhusu rangi, nikusimulie yaliyonikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilibuni bango lenye wekundu wa damu mbichi, uliokuwa unawaka kwenye kioo cha kompyuta yangu. Liliporudi kutoka kiwandani lilikuwa na rangi ya tofali, na baada ya wiki chache za jua la Dar es Salaam likawa la waridi iliyochoka. Kosa halikuwa la mchapaji peke yake. Kioo hutoa mwanga, na wino huurudisha tu, kwa hiyo wekundu mwingi unaoonekana kwenye kioo hauwezi kupatikana kwa wino. Jua nalo huushambulia wekundu na umanjano mapema kuliko weusi. Lipia sampuli moja kabla ya kuchapa mengi, au ufanye kama ningefanya mimi leo, uchape kwa weusi na weupe tu. Ni rahisi kwa gharama, na ina hadithi yake: mwongozaji Alfred Hitchcock, katika Psycho, filamu yake isiyo na rangi ya mwaka 1960, alitumia sharubati ya chokoleti kuwa damu, kwa kuwa kwenye picha nyeusi na nyeupe ilionekana vizuri. Weka vikombe viwili getini, damu ya chokoleti na damu nyekundu ya sukari, pamoja na simu iliyowekwa kupiga picha bila rangi, na umwache mgeni aamue ipi ni damu zaidi. Watu watajipiga video wenyewe, na hayo ni matangazo ambayo hukuyalipia.

Katika wiki sita zilizobaki, usimwage picha zote mtandaoni kwa mkupuo. Toa kifaa kimoja kila wiki, na usimulie pia kilivyogoma. Papa wa mitambo waliotengenezwa kwa ajili ya filamu ya Jaws ya mwaka 1975 waliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi, hata mwongozaji wake, Steven Spielberg, akalazimika kumficha samaki kwa muda mrefu wa filamu, na hofu ikazidi kwa sababu hiyo hiyo. Papa wa nne, aliyetoka katika kalibu ileile, ana urefu wa zaidi ya mita 7 na leo ananing'inia katika jumba la makumbusho ya filamu mjini Los Angeles, ambako wageni humfuata wakiijua habari ya ndugu zake walioharibika. Mafundi wako hawakosi visa vya gundi iliyogoma kushika kwenye jasho au masharubu yaliyodondoka katikati ya tukio la mapenzi. Waombe wakusimulie.

Mambo mawili uyaepuke. Usichore mazimwi mashuhuri ya filamu za nje, kwa kuwa yana wenyewe na hakimiliki zake. Usichukue pia kinyago cha mapiko cha Wamakonde ukakigeuza pambo la fulana kwa sababu tu kinavutia; kinyago hicho kina uhusiano na jando, na kikionekana kwenye maonesho yenu kiwe kimeletwa na watu wake wakikieleza wenyewe. Na lile wazo ambalo naona litakujia, la kumtembeza kijana mwenye jeraha bandia kituoni ili kuvuta watu, liache. Atapakiwa kwenye bodaboda na kufikishwa hospitali kabla hajamaliza kujieleza.

Fuvu lako usilitupe. Waombe mafundi walitoe kwa kalibu, uliweke ndani, juu ya meza, kando ya kalibu hiyo, na mtoto akija na mwalimu wake alishike. Bango jipya nalo, kabla hujalipeleka kuchapwa, mpelekee yule mama alione.